Spika za Mjomba

Juzi, sokoni Volo Volo mjini Moroni, nilimwona muuzaji akiunganisha spika za kompyuta na redio kuukuu, nikakumbuka alasiri moja mjini Mutsamudu. Visiwa vyetu vilikuwa vimegombana, vyombo havisafiri, simu kimya, na mama amekwama Moroni, kisiwa kingine. Tulisikia kwamba redio ya huko ingerusha salamu za waliokwama kwa sauti zao wenyewe.

Mjomba aliunganisha jozi mbili za spika za kompyuta na redio yetu, ndani ya sanduku la mbao. Harufu ya nyaya zilizolehemiwa ikajaa chumbani. Niliamini kwamba sauti ikikuzwa, mama angesogea karibu. Sikujua kwamba spika hukuza hata mkwaruzo.

Mtangazaji aliponguruma, bibi alijitanda upesi nguo yake ya shiromani.

"Koko, hakuoni!" nilimwambia bibi.

"Mwanamume anayeingia kwangu kwa sauti hiyo, macho atakosa? Nyamaza!"

Ndani ya mkwaruzo mwanamke alikohoa, akatamka maneno mawili.

"Ndiye!" bibi alisema, akalia, kisha akatuamuru tule.

Mama aliporudi, alitueleza kwamba hakuwahi kufika redioni.

Bibi alimsikiliza mpaka mwisho. "Nilikusikia, mwanangu," akamjibu.