Mtu Akikwambia Nakuja, Tazama Miguu

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa sufuria. Nilikwenda kwenye hosteli ile ya Sinza nikijua nimeajiriwa jikoni, kwa kuwa ndivyo alivyoniambia jirani aliyenipeleka, na elimu yangu ya darasa la saba haikunifanya niwaze kazi nyingine. Nikajifunga kanga kiunoni, nikauliza jiko liko wapi. Meneja wa hosteli, mama mrefu wa Kimakonde asiyependa kukaa kitini, akanishika mkono akanipeleka mlango wa mbele. Pale chini palikuwa na viatu vya kila namna: raba, ndala, makubazi, na buti moja kubwa ambalo sikuelewa mwenye nalo analivaaje kwenye joto letu.

"Unaviona?" akaniuliza. "Kupika wanajua wengi, mdogo wangu. Mie namtaka mtu ambaye jua likizama anatazama hapa, akajua nani karudi na nani bado. Hawa ni watoto wa watu. Mama zao wako mbali, hawalali."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu mpaka nilipostaafu, ingawa jina lake lilibadilika mara kadhaa. Nilipika pia, nikafua mashuka na kufagia ua. Lakini kazi yenyewe ilikuwa viatu.

Wageni wetu walikuwa wanafunzi wa kubadilishana, yaani wale ambao vyuo vyao na vyuo vyetu vimekubaliana: wa kwao waje kusoma huku muhula mmoja au miwili, wa kwetu waende kule. Walikuja wamesoma Kiswahili darasani, wengine kizuri kuliko cha majirani zangu. Kilichowapa shida ni mji. Basi jioni, wakila, nikawa nawaambia mambo ya mji kama ambavyo ningemwambia mwanangu Shani. Simu usiishike mkononi ukiwa pembeni ya barabara, maana wapo wanaopita na pikipiki wakaichuma kama embe. Bajaji patana bei kabla hujakaa, ukishakaa umekubali. Maji ya bomba yachemshe hata kama mwenyeji wako anayanywa hivyohivyo. Umeme wa luku nunua kabla haujaisha, usisubiri giza likukumbushe. Na mtu mzima usimpite kimya. Mpe shikamoo yake, kwa sababu siku ukipotea huyo ndiye atakayesema, "Namjua, ni mtoto wa nyumba fulani."

Meneja alinisikia siku moja akiwa mlangoni. Kesho yake akaniambia niache kufagia, awepo mtu mwingine wa ufagio, mimi niwe nakaa na wageni wapya wiki yao ya kwanza. Ndivyo nilivyopanda cheo.

Kitu nilichojifunza mapema ni kwamba maneno magumu hayawasumbui wageni. Yanayowasumbua ni mepesi. Kijana mmoja alitoka kwangu mchana kwenda dukani, na njia nzima watu waliokuwa wakila barazani walimwambia karibu. Yeye akakaribia. Kila baraza akakaa, akanawa, akala. Alirudi ameshika tumbo, akaniuliza kwa heshima kama Sinza kuna sherehe. Nikamweleza kuwa karibu ya chakula hujibiwa asante, au unachukua tonge moja unaendelea na safari yako. Meneja alicheka mpaka hatimaye akakaa kitini.

Baadaye shirika lililokuwa likiwaleta lilianza kuwaweka wanafunzi kwenye nyumba za watu badala ya hosteli, nami nikahamishiwa Temeke kuwa mlezi wa wageni. Mlezi ndiye aliye katikati ya mwanafunzi na familia inayompokea, ile tunayoiita familia mwenyeji. Nilikuwa nazunguka Tandika, Mtoni na Mbagala, naingia nyumba moja hadi nyingine kunywa chai na kusikiliza. Mgeni akisusa chakula, napigiwa mimi. Mwenyeji akiona mgeni hatoki chumbani siku nzima, napigiwa mimi. Aliyekuwa juu yangu wakati huo ni Mratibu, binti mdogo kwangu, msomi, mwenye adabu, ambaye kila tulipoonana aliniamkia kwanza ndipo akawa bosi.

Kwangu nilibaki Mwananyamala, kwenye nyumba ya mume wangu, Baba Shani, fundi majokofu. Siku aliyofariki aliamka kifua kinambana. Mdogo wake akaja na bajaji ampeleke hospitali. Alitembea mwenyewe, akapanda mwenyewe. Mimi nilikuwa uani naanika nguo. Akatoa kichwa akasema, "Mama Shani, nakuja." Nikaitikia, "Haya," nikaendelea kuanika. Adhuhuri mdogo wake alirudi peke yake.

Msibani, kila aliyenipa mkono aliniuliza swali moja: "Mliagana?" Kwetu hilo ni swali la huruma. Anayeuliza anataka kusikia kwamba marehemu aliondoka mmesameheana, mmetazamana. Sijui kusema uongo, hata wa kunisaidia. Nikawajibu hapana, hatukuagana, alisema anakuja. Wakatikisa vichwa, wakaniambia ni mipango ya Mungu. Nilikaa eda ndani ya nyumba ile na jibu hilo. Ndala zake nilikuwa nimeziacha mlangoni. Jua likizama nilikuwa nazitazama, kwa mazoea ya kazi.

Eda ilipokwisha nikarudi Temeke, na wiki hiyohiyo akapotea Aneli.

Alikuwa binti kutoka Ufini, mrefu, mpole, mwenye nywele nyeupe kama pamba, anayekaa kwa Mama Rukia pale Tandika. Alikuwa amekaa kiasi cha kuzijua njia za karibu. Mama Rukia alikuwa mchangamfu, muuza vitenge, na alimpenda binti huyo kupita kiasi. Asubuhi ile alimpeleka kwa fundi cherehani akajaribishe dera lake, kisha yeye akaenda kwa dada yake Kijichi. Kutoka kwa fundi hadi nyumbani ni vichochoro viwili tu. Simu ya Aneli ilikuwa nyumbani kwenye chaji.

Mama Rukia aliporudi alasiri hakumkuta. Watoto wa nyumbani wakasema hajarudi tangu asubuhi. Akampigia fundi, ambaye alikuwa ameshafunga cherehani yake na kwenda Mbagala kupeleka sare za shule. Fundi akasema dera alimpa zamani, tena alilipenda. Watoto wakatumwa kwenye duka ambalo fundi hukaa barazani kwake. Aliyekuwepo ni mke wa mwenye duka, aliyeingia mchana, akasema yeye mzungu hajamwona, pale barazani hapana mtu. Wakaenda stendi. Wakaenda sokoni. Wakampigia rafiki yake chuoni. Hakuna.

Nilifika nikamkuta Mama Rukia amekaa sakafuni, miguu imenyooka, kama mtu aliyefiwa. Mratibu alikuwa amefika kabla yangu, amesimama na simu mkononi. Akanivuta pembeni.

"Shikamoo mama. Jua likizama lazima niwapigie wazazi wake. Nikishapiga, mama yule hatakuwa tena yule wa jana, hata kama tukimpata kesho." Akaitazama simu. "Nianzeje kumwambia?"

Niliyajua maneno hayo yanavyoingia mlangoni, na sikumtakia mama yeyote, awe wa Tandika au wa Ufini. Nikaenda kukaa sakafuni karibu na Mama Rukia. Nilimuuliza maswali ya kazi: alivaa nini, alikula nini, alikuwa na furaha au vipi. Kisha nikamuuliza alimwambia nini mara ya mwisho.

"Sijamwambia kitu, dada. Nimemuaga tu."

"Ulimuagaje?"

"Si kama tunavyoaga. Nimemwambia, haya Aneli, nakuja."

Nilisimama, nikatafuta ndala zangu pale mlangoni, mkono umeshika ukuta. Watu wote katika nyumba ile walimsikia Mama Rukia akisema ameaga. Mimi peke yangu, kwa miezi ile yote, nilikuwa nimeishi na neno nakuja likiwa na maana yake ya kwanza. Mtu akisema anakuja, anasubiriwa. Nikamwambia Mratibu asipige simu bado. Akaniuliza tunakwenda wapi. Nikamwambia palepale alipoachwa.

Akasema watoto wamekwishatazama. Nikamwambia wametafuta mtu aliyeondoka.

Baraza la duka lilikuwa tupu kweli, cherehani imefunikwa turubai, na jua la jioni linapiga benchi lote. Nikasimama nikalitazama jua lile. Hapakuwa na mtu ambaye angekaa pale tangu asubuhi. Angehama na kivuli. Nikakifuata kivuli. Kilizunguka ukuta wa duka, kikaingia kwenye kichochoro cha nyumba ya nyuma, na hapo, juu ya kreti la soda lililopinduliwa, alikuwa Aneli, ungo mapajani, anachambua mchele na bibi mmoja mnene. Dera jipya lilikuwa limekunjwa vizuri pembeni yake.

"Shikamoo mama," akaniambia, akasimama.

Bibi akaitikia kwa niaba yangu, kisha akanikabili.

"Nyie ndio wenyewe? Tangu asubuhi nipo na mwenzenu. Namwambia nenda nyumbani mwanangu, kakataa. Nikamkaribisha chakula, akachukua tonge moja, basi. Mtoto mtiifu hivi mmempata wapi? Wangu nikimwambia nisubiri, namkuta Mbagala."

Aneli alinitazama usoni, akaona kuna jambo. "Mama Rukia alisema anakuja," akasema polepole, kila neno mahali pake. "Nimesubiri. Nimekosea?"

Nikamkumbatia na ungo wake, mchele ukamwagika, bibi akalalamika. Nilikuwa nalia na kucheka, na sikujua ni lipi kati ya hayo mawili lilikuwa la Aneli na lipi lilikuwa la nyumbani kwangu. Nikamwambia hakukosea. Alisikia maneno, ila hakuitazama miguu. Mtu wa hapa akikwambia nakuja, tazama miguu yake. Ikiwa inakuja kwako, anakuja. Ikiwa inakwenda, amekuaga.

"Kwa nini hasemi kwaheri?" akauliza.

Ilinibidi nifikiri, maana hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamwambia kwaheri ni neno zito, linafunga mlango. Sisi mtu wetu tukimpenda hatufungi, tunaurudisha tu. Ndiyo maana anayekwenda sokoni atasema nakuja, na anayekwenda safari ya mbali atasema nakuja, na anayekwenda hospitali ndio kabisa, nani atasema kwaheri akienda hospitali? Nilipofika hapo nikainama kuokota mchele. Aneli akaokota pia.

Mratibu hakupiga simu ile. Aliirudisha kwenye pochi, akakaa juu ya kreti la soda alilokuwa amelikalia Aneli, akashusha pumzi ndefu kama mtu aliyetua ndoo ya maji. Mama Rukia alipotuona tunakuja alitoka mbio bila viatu, akaanza kumgombeza Aneli huku anamfuta vumbi, kisha akajigombeza mwenyewe, kisha akatupikia wali. Tangu wiki iliyofuata Mratibu alisema somo la miguu liwe la kwanza kwa kila mgeni, kabla ya simu na bajaji.

Nilistaafu mwishoni mwa muhula huo. Safari yangu ya mwisho ya kikazi ilikuwa kumsindikiza Aneli uwanja wa ndege. Mama Rukia alilia tangu Tandika. Aneli alituamkia upya mmoja mmoja, akavuta begi lake, na alipofika kwenye mlango wa kioo akageuka.

"Mama, nakuja."

Nikaitazama miguu yake. Ilikuwa inakwenda. "Haya," nikaitikia, naye akacheka, akapita. Hakukuwa na jambo lililobaki kusemwa. Neno lilitoka kwake, likajibiwa, basi. Nilisimama pale nikaliona jambo hilo lilivyo jepesi, na lilivyo zima.

Siku hizi nipo nyumbani. Ndala za Baba Shani nilizifua, nikampa mdogo wake, zimemtosha. Mabinti wanaofanya kazi yangu huja Mwananyamala kuniuliza mambo, nami nawaambia wasiwabebeshe wageni orodha ya hatari za mji. Mji wetu una watu wengi wema kuliko vibaka. Bibi wa mchele hakumjua Aneli, na hakumwacha na njaa. Wawafundishe kuamkia, wawafundishe tonge moja, wawafundishe miguu. Na jua likizama watazame viatu.

Kuna mama wa mtaa wa pili alikuwa safarini tulipofiwa. Alikuja kunipa pole juzi, akanishika mkono, akaniuliza kama wengine walivyoniuliza. Sijui kusema uongo, kwa hiyo nilimjibu kama ilivyokuwa. Tuliagana. Alisema nakuja, nikamwambia haya.