Zuhura Alibaki Kisaki

Harufu ya mchele mpya naijua hata nikifumba macho. Nikipita Kariakoo kwenye maduka ya nafaka, gunia likifunguliwa tu nasimama, na muuzaji hudhani nimevutiwa na bei yake. Sijavutiwa na chochote. Namkumbuka Zuhura, mdogo wangu, ambaye tulikwenda naye Kisaki tukarudi bila yeye.

Nyie mliokulia enzi zile za mgawo mnajua tulivyoishi. Mama alikuwa akiweka jiwe kwenye foleni ya duka la kaya ili limshikie nafasi, anakwenda kufua, akirudi jiwe lipo na unga umekwisha. Tulikula ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano, mpaka Zuhura akawa analia akiuona. Baba, kuli wa bandarini, alikuwa ameumia mgongo, analala tu chumbani akitazama boriti. Basi Mama aliposema tunaenda kumtembelea dada yake, tuliruka kwa furaha. Tungepanda treni, tungeona wanyama wa pori la akiba dirishani.

Tuliwaona kweli, twiga wachache na ngiri wanaokimbia mikia juu. Kisaki yenyewe ilikuwa mji mdogo wa wakulima, joto la kunata, migomba kila uani, na mashamba ya mpunga yakianzia karibu na stesheni. Mimi, mtoto wa Kariakoo, nilikuwa nadhani mchele unazaliwa guniani. Niliposema hivyo, Mama Mkubwa alicheka mpaka akakaa chini. Hakuwa amejaliwa mtoto, na kila alichopika alimpakulia Zuhura kwanza.

Asubuhi alitupeleka shambani kuwinga ndege. Palikuwa na dungu, kichanja kirefu cha miti chenye paa la nyasi, ambako mlinzi hukaa juu akigonga debe ili ndege wasishambulie mpunga. Zuhura alilipenda debe lile kupita kiasi. Alikuwa na miaka sita, na nyumbani kelele zake zilimpatia makofi tu. Huku aliambiwa apige zaidi. Treni ikipita kando ya shamba aliwaacha ndege wajilie watakavyo, akaipungia kwa mikono yote miwili.

Siku ya kuondoka Mama alinivalisha gauni la safari, mimi peke yangu.

"Mama, na Zuhura?"

"Yuko shamba na Mama Mkubwa wako."

"Si tukamuage?"

"Kwetu mtoto anayepewa mtu haagwi. Akiagwa hatulii. Twende, mwanangu, treni haitungoji."

Nilidhani Mama Mkubwa amepewa kama jirani anavyoazimwa kinu, kwamba baada ya siku chache tutamfuata. Sikuuliza zaidi. Nilifurahi kukaa dirishani bila kugombana na mtu.

Treni ilipofika kando ya shamba nikamwona juu ya dungu. Alikuwa anapunga mikono, anacheka, kama alivyozipungia treni zote. Nikampungia na mimi. Mama hakutazama nje. Alijifunika uso kwa kanga hadi tunaingia Dar.

Ilikuwa awe huko mpaka Baba apone. Baba hakupona. Mwanzoni hatukuwa na nauli, na nauli ilipopatikana Mama alikuwa na aibu. Kila mavuno Mama Mkubwa alituletea mchele kwa mtu anayekuja mjini. Mama aliupika vizuri, akatupakulia, kisha akasema yeye ameshiba. Miaka yote ile niliamini kwamba ameshiba.

Mama alipofariki, Zuhura alikuja msibani, mwanamke mzima, mrefu kama marehemu. Nilimtafuta kwenye mkeka wa wafiwa, hakuwepo. Nikamkuta uani na majirani, anaosha sahani. Mama mmoja wa mtaani akamuuliza, "Pole, dada. Marehemu ni nani yako?"

"Mama yangu mdogo," akajibu, akachukua sahani nyingine.

Nilitaka kumsahihisha, nikachukua kitambaa nikaanza kufuta sahani. Hakuwa amesema kwa uchungu wala kwa kutusuta. Alijibu alichoulizwa. Ndipo nilipoelewa kwamba Mama alikuwa ameniambia ukweli mtupu siku ile: tulimpa mtu mtoto, akapokelewa, na mtoto akatulia.