Kipindi cha Muziki Kilichokatazwa Sauti

Mwezi uliopita niliitwa Ifakara kwenye kikao cha walimu, kupanga masomo ya kuchagua katika shule zetu. Siku hizi nafundisha Morogoro mjini, lakini nimekulia Lipangalala, hapohapo Ifakara, na mtu akiniita nyumbani huwa siulizi mara mbili. Tulikunywa chai na vitumbua, tukagawa vipindi: kilimo huku, ushonaji kule. Tulipofika kwenye muziki, mwalimu mmoja kijana akanyoosha mkono. "Sasa jamani, kelele zake tutazidhibiti vipi? Wenzao watasomaje?" Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Wenzangu walinitazama kama mtu aliyechanganyikiwa, na ajenda ikasonga mbele. Basi ngoja nikusimulie wewe.

Nilipokuwa darasa la tano, shule yetu ilipata mwalimu mgeni, mrefu, mwembamba, asiyekunja mikono ya shati hata kwenye joto letu la bondeni. Akamwomba mwalimu mkuu aanzishe kipindi cha muziki, kiwe cha hiari, sambamba na bustani na ushonaji. Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na darasa la saba, na darasa la saba walikuwa na mtihani wa taifa mwezi wa tisa. Ukuta uliotutenganisha nao haukufika hata kwenye bati. Akamjibu, "Fundisha tu, mwalimu. Ila sauti nisiisikie. Siku darasa la saba wakilalamika, kipindi hicho nakipeleka kwenye hisabati."

Muziki usiosikika! Mtu mwingine angesusa. Mwalimu wetu alisema, "Asante, mkuu," akatoka. Mimi nikachagua muziki, kwanza kwa sababu bustani ilimaanisha jembe, na jembe tulikuwa tunajuana vizuri mno nyumbani kwa bibi. Pili, nilitaka kuona kwa macho yangu muziki wa kimya unafundishwaje.

Mwalimu alitunga wimbo mwenyewe, wa mvua na mpunga, ili sisi Wakatoliki wa asili ya Mahenge na wenzetu Waislamu, ambao wazazi wao walihamia kutoka kwenye mashamba ya miwa, tuuimbe wote bila mtu kununa. Ulikuwa wa sauti tatu, nami nikapangiwa sauti ya pili. Wakati wa mapumziko, uwanja mzima ukipiga kelele, alikuvuta kando akakuimbia sikioni kipande chako mpaka kikakaa. Halafu kwenye kipindi tuliviunganisha vyote kimyakimya. Mkono wake ukipanda, sauti imepanda; ukishuka, imeshuka. Sisi tulifungua midomo, tukavuta pumzi, tukapiga mapigo kwa vidole mapajani, na wimbo wote ukabaki kichwani. Mpita njia akichungulia dirishani angedhani kambare wa mto Kilombero wameandikishwa shule.

Utaniuliza, mbona hatukuimba njiani tukirudi nyumbani? Tulijaribu. Sisi wa sauti ya pili tulimezwa na wa sauti ya kwanza kabla hatujafika hata kwenye kona ya kwanza, wote tukawa tunaimba kitu kimoja, na kesho yake mwalimu akatugundua kwa kusikiliza vipande vyetu. Akatukataza kabisa kuchanganya. "Wimbo haujaiva," alisema. "Mkiuonjaonja mtaumaliza jikoni."

Basi mwisho wa wiki nilikuwa shambani na bibi, kuamia ndege, kuwafukuza wasile, maana mpunga ukianza kushika maziwa kwelea hawaachi kitu. Nilikaa juu ya dungu, kile kichanja cha miti, na debe langu la kupiga, harufu ya matope na mpunga mbichi ikinijaa puani, na huko hapakuwa na darasa la saba. Niliimba kipande changu kwa nguvu zangu zote. Bibi alikuwa chini anatwanga pepeta, ule mpunga mchanga uliokaangwa, ambao ukiutia mdomoni ungali wa moto unasahau shida zote. Akasimamisha mchi.

"Mjukuu wangu, wimbo gani huo unazunguka palepale kama kuku aliyefungwa mguu?"

Nilitaka kubisha nikashindwa. Kipande chenyewe kilikaa kwenye noti moja muda mrefu, kikapanda kidogo, kikaona aibu, kikashuka. Hakikuwa na mwanzo wala mwisho. Nikaanza kujiuliza kina kazi gani. Je, wimbo upo kweli, au mwalimu anatuzuga? Swali hilo lilinikosesha raha miezi yote ile. Nilitaka kuusikia wimbo mzima, hata mara moja tu, na ili niusikie ilibidi kipindi chetu kifike mwezi wa tisa bila malalamiko, mtihani upite, ndipo turuhusiwe kutoa sauti.

Nikageuka askari wa kimya. Aliyeburuza dawati nilimkodolea macho. Jirani yangu wa dawati, msichana wa sauti ya kwanza, alikuwa na kicheko cha karibu, na kila kilipotaka kumtoka nilimkanyaga mguu. Siku moja kilimponyoka. Upande wa pili wa ukuta kimya kikatanda, kisha tukasikia viatu vya mwalimu mkuu vikija barazani. Mwalimu wetu aliganda, mkono ukiwa hewani. Viatu vikasimama mlangoni, vikakaa kidogo, vikarudi vilikotoka. Hadi leo sijui kwa nini hakuingia.

Mtihani ukaisha. Kwenye kikao cha wazazi tulipewa nafasi, ndani ya chumba kilekile cha darasa la saba, sasa kitupu. Wazazi wakabanana kwenye madawati, bibi yangu katikati yao na kanga yake ya kutokea. Mwalimu akainua mikono. Nasi, kwa mazoea, tukafungua midomo, tukaimba ubeti mzima bila kutoa sauti. Wazazi wakatazamana. Mwalimu mkuu akakohoa.

"Mbona kimya?" bibi akauliza kwa sauti. "Toeni sauti, wajukuu, tumeacha kazi zetu!"

Mwalimu alicheka, mara ya kwanza kumwona anacheka. "Leo ruksa," akatuambia, akainua mikono upya.

Tukaimba. Sauti ya kwanza ilipita juu yangu, ya tatu ikajaa chini, na kile kipande changu kilichozungukazunguka kikawa ndicho kinachoshika zote mbili zisianguke. Nilielewa papo hapo, nikalia huku naimba, wala sikuona haya.

Mwalimu mkuu alipiga makofi kuliko wote, akasema muziki utaendelea. Lakini Januari mwalimu wetu alipata uhamisho, na hapakuwa na mwingine wa kushika kipindi kile. Wimbo haukuandikwa popote. Jirani yangu wa dawati alihama na wazazi wake, nikapotezana naye, na wa sauti ya tatu sijui hata mmoja aliko. Bibi tulishamzika. Siku hizi nikiimba, kichwani mwangu wote wanaingia, kila mtu mahali pake.

Niliporudi kutoka kwenye kikao kile nilimwimbia binti yangu, tangu mwanzo hadi mwisho, nimefumba macho, vidole vikipiga mapigo mapajani. Nilipofumbua alikuwa bado ananitazama, ametulia, anasubiri.

"Mama," akasema, "unaanza lini?"