Umeme Uliorudi Kwenye Nguzo

Baba yangu alikuwa mhandisi wa umeme wakati Ufipa nzima wahandisi wa aina yake hawakuzidi wawili. Alisomea Ulaya, akafanya kazi kwenye migodi ya shaba Zambia, kisha akarudi Sumbawanga kusimamia mashine za dizeli zilizowasha mji. Chama cha wahandisi cha kule alikosoma hakikumsahau. Jarida lao lilipofika posta, alivaa koti ndipo akae kulisoma, kana kwamba wenzake wamekuja kumtembelea.

Enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, kazini walipunguza watu, naye akiwemo. Madukani nako yakajaa majenereta madogo yaliyopitia mpakani Kasesya. Umeme ukikatika, mwenye duka alichomeka lake moja kwa moja kwenye waya za nyumba. Baba alipita duka hadi duka akieleza kwamba bila swichi ya kutenganisha, umeme ule unarudi mpaka kwenye nguzo na kumuua fundi aliye juu. Walimsikiliza kwa heshima. Mmoja alimuuliza ametumwa na ofisi gani.

Aliyekufa alikuwa fundi aliyefundishwa na baba mwenyewe. Alizima laini asubuhi, akapanda kutengeneza, na mtaa wa pili mtu akawasha jenereta. Nilipotoka sokoni nilimkuta baba chini ya nguzo, amenyoosha mikono kuwazuia watu wasimguse marehemu mpaka jenereta lipatikane na kuzimwa. Ilichukua muda mrefu.

Aliandika taarifa ya kifo kile, akaituma kwa chama. Waliichapa kwenye jarida, wakamwandikia na barua ya kumsifu. Tulikwenda naye kwa mjane, akamfasiria ukurasa wote, polepole, kwa Kifipa. Mjane alisikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza:

“Baba, hao wenzako wanaweza kusema na mwenye duka?”

“Hapana, mwanangu.”

Alitukaribisha togwa. Baba alishika kikombe tu, hakunywa.

Tangu siku hiyo hakujibu tena barua za chama. Aliagiza swichi Mbeya, akawa anazifunga mwenyewe, duka kwa duka. Wengi walimruhusu, bila kumtazama usoni. Yule aliyewasha siku ile alihamia Matai. Alifungua duka jingine huko, na jenereta alikwenda nalo.