Baba Alivyombeba Karani Kilimani

Juzi nilikuwa natafuta sweta la mwanangu kwenye mitumba pale Bariadi mjini, mvua ikatukuta ghafla. Muuzaji alichelewa kufunika turubai, rundo zima la makoti ya sufu likalowa. Wenzangu walikunja pua wakasogea. Mimi nilibaki nimesimama palepale kama mtu aliyeitwa jina lake. Sufu ikilowa hutoa harufu nzito, ya mnyama na vumbi, na ndivyo lilivyonuka koti la baba kwa miaka yote niliyokuwa nyumbani. Mama alilifua kwa sabuni ya mche, kwa majivu, kwa malimao. Ikinyesha tu, Karani anarudi.

Karani alikuwa mbwa wetu. Alikuwa na rangi ya udongo wa kichuguu, na alipata jina hilo kwa sababu msimu wa pamba aliifuata familia hadi kituo cha kuuzia, akakaa kando ya mizani akimtazama kila mtu anayepima, uso umekunjamana, kama anayeshuku uzito. Watu walimsalimia kwa heshima. Nyumbani kazi yake kubwa ilikuwa kulala jikoni kwenye majivu yenye joto na kuamka mweupe kama mzee.

Tulikaa kijijini, mwendo kidogo kutoka Dutwa. Nyuma ya kijiji kulikuwa na kilima cha mawe, na upande wa pili wa kilima hicho alikaa shangazi Minza, dada mkubwa wa baba. Mumewe alikuwa amefariki, akamwachia watoto, na wa kwanza wao, dada Leah, ndiye aliyekuwa amepata mchumba. Shangazi alituma neno kwamba wakwe wanakuja kuzungumza mahari, na kwamba baba ndiye atakayesimama mahali pa marehemu. Baba hakuwa msemaji, lakini alikuwa na neno moja likitoka halirudi, na shangazi alilitaka neno hilo.

Siku yenyewe baba alivaa koti lake la sufu, la kanisani na la misibani. Baiskeli ilikuwa imekatika fremu, na barabara inazunguka mbali, kwa hiyo tulipanda kilima. Tulikuwa baba, baba mdogo Masanja, ambaye aliweza kuongea na jiwe likamjibu, na mimi. Mimi nilichukuliwa kwa ajili ya kubeba kidumu cha maji na furushi la michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, zawadi ya mama, lililofungwa kwa khanga yake. Tulipofika nje ya ua, baba aligeuka akapiga mluzi. Karani akatoka jikoni akijinyoosha, majivu mgongoni, akatufuata.

Kilima kile hakikuwa kirefu, ila kilikuwa kigumu. Njia iliishia katikati, juu yake kulikuwa na mawe makubwa yaliyopandana, mengine laini kama sahani, mengine yanacheza ukiyakanyaga. Miiba ilijaza nafasi zote zilizobaki. Karibu na kileleni pimbi mmoja alichungulia kwenye ufa. Karani, ambaye maishani mwake hakuwahi kukamata kitu kilicho hai, akaona leo ndiyo leo. Aliruka. Nilisikia kucha zikikwaruza jiwe, kisha mlio ambao sikujua kwamba mbwa anaweza kuutoa.

Alikuwa ameangukia kati ya mawe mawili. Mguu wa mbele ulikuwa umevunjika, unaning'inia, mfupa ukichungulia. Baba alishuka kwa tumbo akamvuta. Karani akamuuma mkono. Baba hakumpiga. Alimwambia kwa Kisukuma maneno yaleyale ya kumtuliza dume la kulimia anapolegezwa kamba, polepole, hadi mbwa akaachia na kuanza kuilamba damu aliyoitoa mwenyewe.

Masanja alitazama jua. "Kaka, wageni watakuwa wamefika. Tumlaze kivulini, tutamchukua tukirudi."

"Tukirudi kesho? Fisi watakuwa wameshamchukua."

"Basi mmalize, asiteseke. Mbwa ni mbwa. Dada anatusubiri."

Baba aliitazama fimbo yake iliyolala chini. Aliitazama muda mrefu. Kisha akasema, si kwa ukali, kama mtu anayejikumbusha, "Alikuwa amelala jikoni, Masanja. Mimi ndiye niliyempigia mluzi."

Masanja alilitazama jua tena.

"Tangulia," baba alimwambia. "Waambie naja. Nikichelewa, zungumza wewe."

"Niseme nini?"

"Sema kidogo."

Masanja akaondoka akirukaruka kama mbuzi. Baba alimwaga michembe juu ya jiwe, akachana khanga ya mama vipande, akavunja vijiti, akaufunga ule mguu. Nilimnywesha Karani maji kwenye kiganja changu. Kisha baba akavua koti, akamfunika mbwa mwili mzima ukabaki uso tu, akambeba kifuani.

"Mayu," aliniambia. Ndivyo alivyoniita, yaani mama kwa Kisukuma, kwa kuwa nilirithi jina la mama yake. "Tangulia. Kanyaga kila jiwe kabla yangu. Linalocheza, niambie. Mimi sioni miguu yangu."

Nikatangulia. Nilikanyaga, nikatikisa, nikasema hili zuri, hili baya, na mtu mzima niliyekuwa namwogopa alikanyaga pale tu nilipomwambia. Mara mbili aliteleza akaangukia magoti, mikono haikuachia. Suruali ilichanika. Damu yake na ya Karani zilichanganyika kwenye shati, huwezi kusema ipi ni ya nani.

Tulipofika kwa shangazi, mazungumzo yalikuwa yamekwisha na wageni walikuwa wananawa mikono ili wale. Baba aliinama na mzigo wake akawaamkia wazee, "Mwadila." Wachache waliitika. Kijana mmoja alicheka. Masanja alikuwa katikati yao, anang'aa. Alikuwa amesema kila kitu isipokuwa kidogo, na katika kufurahishana huko alikubali ng'ombe wote kama walivyotajwa bila kuuliza habari zao. Walipoletwa, mmoja alikuwa hana meno.

Shangazi alimfuata baba nyuma ya ghala. Nilikuwepo.

"Nilikuita uje kumsimamia mwanangu," alisema. "Umekuja na mbwa."

"Nimekosa, dada."

Nilisubiri aeleze. Nilitaka aseme habari ya fisi, ya mawe, ya mluzi. Hakusema. Chakula chake alikilia hukohuko nje, mfupa wa kwanza akampa Karani. Kesho yake aliazima baiskeli, akafunga tenga nyuma, akamrudisha kwa barabara ndefu huku akiisukuma. Mguu ulipona ukiwa umepinda. Msimu uliofuata Karani alichechemea hadi kwenye mizani akakalia nafasi yake.

Shangazi alinuna miaka. Salamu zake zilikuja kwa mama, hazikuja kwa baba. Kwa akili yangu ya utoto nilidhani baba alimpenda mbwa kuliko dada yake, na moyoni niliona fahari na aibu pamoja. Sikujua kwamba mtu anaweza kubeba mambo mawili, likamlemea moja, na bado akalipia lile aliloliangusha bila kulitafutia kisingizio. Sikujua kwamba katika kule kuitazama fimbo kwa muda mrefu, alikuwa anamtazama shangazi.

Baadaye, nikiwa sekondari, shangazi alianguka uani kwake, upande mmoja wa mwili ukafa ganzi. Baba alikwenda, akakaa naye hadi alipoweza kushika kijiko. Mwaka jana nilimtembelea shangazi. Anatembea kwa fimbo sasa, na bado ni mkali. Tulikuwa tunamenya viazi, nikajikaza nikamuuliza kama aliwahi kumsamehe baba kwa siku ile.

Alicheka, akakwangua kiazi.

"Masanja aliongea vizuri sana siku ile. Watu walicheka wakashiba. Lakini nilipokuwa nimelala pale chini, mkono haunisikii, mdomo umekwenda upande, watoto wakaniuliza wamwite nani." Aliweka kisu. "Nikawaambia, mwiteni yule wa mbwa."