Obuya Alipotaka Kumaliza Mahari

Rafiki yangu Lenox Obuya alifundisha mantiki ya alama katika idara ya hisabati ya chuo kimoja katikati ya jiji, na kazi hiyo ilimwingia mpaka kwenye damu. Kwake kila kauli ilikuwa kweli au uongo. Ukimwambia "nimekaribia", anakuuliza umefika au hujafika. Alinichosha, lakini nilimpenda.

Mwaka juzi tulipeleka mahari Waithaka, kwa kina Wangui mchumba wake. Msemaji nilikuwa mimi. Tulikula, tukataniwa, hata mzee Wachira, baba ya Wangui, akacheka mpaka machozi. Ghafla Obuya akasimama bila kuniuliza, akaagiza kila kilichotajwa, hata vya kuletwa miaka ijayo, kishushwe kutoka kwenye pikapu: mbuzi, mablanketi, tangi la maji.

"Mzee, nimemaliza yote leo," akasema. "Hakuna kitu mnanidai tena."

Alingoja makofi. Wangui akainuka, akaingia jikoni.

"Umemaliza ndio usikanyage hapa tena?" Wachira akauliza. "Kijana, mahari haiishangi. Hata mimi ya mama Wangui sijamaliza, na tuko na wajukuu. Beba vitu zako."

Tukabeba. Njiani Obuya alikuwa kama mtu aliyepigwa kofi gizani.

"Kama haiishi, basi huyo mzee hajaoa," akaniambia. "Na ameoa! Sasa ni gani?"

Tangu siku hiyo Wangui hakushika simu zake tena. Obuya alikonda, akaandika ubaoni na kufuta. Mwishowe akaangukia vitabu vya wanafalsafa wanaosema duniani hakuna vitu, kuna mambo yanayoendelea kutukia tu, na hata jiwe ni tukio la polepole. Akaacha hisabati, akahamia idara ya falsafa. Wenzetu walidhani amerukwa na akili. Mimi niliogopa, maana hata leo sijui anafundisha nini.

Mwezi uliopita akaniomba turudi Waithaka. Alibeba blanketi moja tu. Nilimwambia watatufukuza na mbwa.

Mzee Wachira alilipokea, akalipapasa.

"Ni hii tu?"

"Ni hii tu, baba. Ingine nitaleta."

"Lini?"

"Sijui."

Nikafumba macho. Tangu tujuane sikuwahi kumsikia akitamka neno hilo.

"Wangui!" mzee akaita kuelekea jikoni. "Letea bwana yako chai."

Obuya akageuka nyuma kumtazama huyo bwana ni nani.