Verlene, mchonga namba za bunduki ambazo hazijawa bunduki

Saa mbili kasoro robo asubuhi. Verlene Hodgkin anakibana kipande cha alumini kwenye jiliwa, anakipuliza vumbi, kisha anakigonga kwa ukucha kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Akiridhika anawasha mashine. Sindano ya kuchongea inashuka, inauma, na vinyuzi vyeupe vya chuma vinajikunja pembeni.

Mbele ya kaunta amekaa Duane Pickerel, dereva wa greda la wilaya, kofia mapajani.

"Namba za mwanzo ni za leseni yangu, hizo huna hiari nazo," Verlene anamwambia bila kuinua macho. "Za mwisho chagua mwenyewe, mradi hujatanguliwa na mtu."

"Weka siku ya kuzaliwa mke wangu."

"Itaje."

Duane anakuna shavu. Anatazama dari. Mwishowe anatoa simu. "Mpenzi, hivi wewe ulizaliwa tarehe ngapi?"

Jibu linasikika mpaka kwenye rafu za risasi. Watu wawili waliosimama nyuma yake wanageukia ukutani kuficha kicheko.

"Weka namba yoyote tu," Duane anasema, akirudisha simu mfukoni.

Hii ni wiki ya mwisho ya Agosti hapa Harlan Bend, mji wa watu elfu mbili na ushei katika nchi ya milima ya magharibi, na duka la Verlene halijawahi kuwa na foleni kama hii. Kuanzia Septemba mosi, sheria mpya ya jimbo inakataza mtu kukaa na bunduki isiyo na namba ya usajili. Inakataza pia kukaa na kipande ambacho hakijamalizika kutengenezwa, kama kipande hicho ndicho kitakachokuja kushika kifyatulio.

Kwa watu wa huku, jambo hilo limeingia mpaka gerejini. Wanaume wengi, na wanawake wachache, wamekuwa wakiagiza fremu ya alumini ambayo haijakamilika, wanaimalizia nyumbani kwa keekee na tupa jioni za baridi, kisha wanaiunganisha na sehemu nyingine. Wengine wanakwenda kuwindia swala wa milimani. Wengine hawaendi popote nayo, wanapenda tu kusema, "Hii nimeitengeneza mwenyewe."

Sasa kila moja inapaswa kupita mikononi mwa mwenye leseni kama Verlene. Yeye anaichonga namba, anaiingiza kitabuni, polisi wa jimbo wanapekua kumbukumbu za mwenyewe, na akionekana hana doa anarudishiwa mali yake. Kina cha namba kimetajwa, kama unene wa unywele. Urefu wa herufi nao umetajwa. Verlene anavijua kama anavyojua vidole vyake.

"Watu wananiuliza, chuma kinakuwa bunduki saa ngapi?" anasema mwanamke huyu wa miaka sitini na mmoja. "Nami nawauliza, unga unakuwa mkate saa ngapi? Ukishakandwa? Ukiumuka? Ukitoka jikoni? Zamani sheria ilisema ukitoka jikoni. Sasa inasema ukishatia maji tu."

Hakuzaliwa katika kazi hii. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mnoaji wa misumeno katika kiwanda cha mbao, mwanamke pekee katika chumba cha kunolea. Meno ya msumeno wa huko ni makubwa kama kidole gumba, na yakikosewa kidogo tu, gogo zima linatoka limepinda. Kiwanda kilipofungwa alinunua mashine ya kuchonga kutoka kwa mzee aliyekuwa akitengeneza vikombe vya washindi, akawa anachonga bizimu za mikanda, vibao vya majina na visahani vya shingoni mwa mbwa, dola kumi na tano kila kimoja. Leseni ya kuuza bunduki na risasi aliipata baadaye, ili duka lisife.

Kuchonga namba anatoza dola arobaini. Mwaka huu ameshachonga mia tatu na kumi na nane.

"Wanaoitaka sheria hawanipendi kwa sababu nauza risasi," anasema. "Wasioitaka hawanipendi kwa sababu nachonga namba. Kwa hiyo huwezi kuniambia nina upendeleo."

Kitabu cha mapokezi kiko mkono wa kulia wa mashine, jalada limetapakaa mafuta. Hicho ndicho anachokiogopa kuliko mashine. Kitu kikishapokelewa dukani, lazima kiandikwe. Kikishaandikwa, hakitoki mpaka polisi waseme sawa. Wakisema hapana, hakitoki kabisa. Mkaguzi anaweza kuingia siku yoyote, na mstari mmoja usioeleweka unaweza kuichukua leseni yote.

Duane ameshaondoka, na saa nne haijafika, mlango unasukumwa na mzee mrefu aliyevaa suruali ya mikanda mabegani. Chini ya kwapa ana kopo la kahawa lililofungwa kwa utepe wa gundi.

Verlene anazima mashine.

"Orrin, simama hapo hapo."

Orrin Stamper, miaka sabini na mitatu, anasimama mguu mmoja ndani na mmoja nje. "Nimeleta kitu cha Clete," anasema.

Clete ni mwanawe, fundi wa pampu za maji, aliyefariki kwa kansa miaka minne iliyopita. Mji mzima unakumbuka kwamba mwaka wake wa mwisho alikuwa akitengeneza bunduki ya kuwindia kwenye gereji ya baba yake, akisema ataimaliza kabla ya msimu. Hakuimaliza.

Mji mzima unakumbuka na jambo jingine. Mwaka 1974 Orrin, kijana wa miaka ishirini na miwili, alivunja ghala la vipuri vya matrekta akafungwa miezi kumi na minane. Mtu mwenye hukumu ya namna hiyo haruhusiwi kuwa na bunduki.

"Usilifungue hilo kopo," Verlene anamwambia. "Usiliweke kaunta. Lirudishe kwenye pikapu, kisha uje tuongee."

"Nina dola arobaini zangu hapa. Nachongewa kama wengine."

"Orrin. Polisi watapekua jina lako."

"Walipekue! Hiyo ni miaka hamsini. Jaji mwenyewe yuko kaburini."

"Jaji amekufa, karatasi haijafa."

Mzee anacheka kwa hasira. "Mama wee, hiki si bunduki! Hakina mtutu, hakina kitako, hakina kifyatulio. Ukimwelekezea kuku atakusogelea akidhani umemletea mahindi. Kilipaswa kutobolewa mashimo matatu, mwanangu akatoboa mawili."

"Kwa sheria ya leo, mawili yametosha."

Mmoja wa waliokuwa kwenye foleni anajifanya kusoma maandishi ya kopo la mafuta ya bunduki. Orrin anatoka, anaweka kopo kwenye kiti cha pikapu, anafunga mlango, na anarudi mikono mitupu, uso umemshuka.

Verlene anamweleza taratibu, kama anayemwongoza mtu kwenye ngazi zenye utelezi. Akikipokea kwa jina la Orrin, kitaandikwa kitabuni, polisi watakataa, na Orrin hatakiona tena. Orrin akirudi nacho nyumbani, kwa hukumu yake ya zamani ni kosa leo, na Septemba litakuwa kosa juu ya kosa. Kukikatakata kwa moto kunaruhusiwa, kiwe chuma chakavu, na vipande angeweza kubaki navyo.

"Nikikate?" Orrin anauliza. "Mwandiko wake uko juu yake, Verlene. Amejiandikia kwa kalamu ya wino, 'hapa polepole'. Clete alikuwa na haraka maisha yake yote, siku ile moja ndiyo akajiambia polepole."

Anageuka kuitazama pikapu nje.

"Basi kwangu hakikai na kwako hakiingii. Nikitupe mtoni?"

"Kina mwenyewe. Clete aliacha mtoto."

Orrin anatazama sakafu. Joleen, binti pekee wa Clete, ana miaka ishirini na sita na ni muuguzi katika kliniki iliyo dakika kumi kutoka hapa. Hajazungumza na babu yake tangu mwezi uliofuata mazishi, alipofika gerejini kutafuta ukumbusho wa baba yake akakuta imefagiliwa tupu. Orrin alikuwa ameuza mashine, tupa, mpaka ndoano za ukutani, bila kumuuliza.

"Hatapokea simu yangu."

"Hilo sina leseni nalo," Verlene anasema. "Simu ile pale."

Orrin anatoka nayo nje na kupiga, mgongo umeelekea dirisha. Hakuna anayesikia anachosema, ila wote wanaona mabega yameshuka, kama amekuwa mfupi. Anarudi. "Kasema anakuja. Hakusema kwa heri."

Joleen anafika baada ya nusu saa, bado na sare ya kazini na kitambulisho kifuani. Hamsalimu babu yake. Anafungua mlango wa pikapu mwenyewe, anatoa kopo, anachana utepe. Ndani mna kitambaa cha flana, na ndani ya kitambaa kile kipande cha kijivu, kikubwa kidogo kuliko kiganja.

Anakigeuza. Anasoma. Anasoma tena.

"Ulisema uliuza kila kitu," anasema.

"Niliuza vilivyouzika."

"Babu, niliomba hata bisibisi. Hata bisibisi moja!"

"Nilikuwa nikipita pale gerejini mashine zinaniangalia, mwanangu. Nilitaka zitoke. Hiki sikuweza. Nikakificha, halafu nikaona haya kusema nimekificha."

"Miaka minne?"

"Haya ikikaa sana inakuwa nzito kubeba."

Joleen anafuta jicho kwa mkono wa sare na kuingia nacho dukani. Anajaza fomu. Verlene anatuma jina lake polisi, na wanasubiri. Dakika kumi. Dakika ishirini. Verlene anakunja vidole; amekwisha kuona watu wasio na kosa wakichelewa siku tatu kwa sababu wanafanana jina na mhalifu. Orrin amekaa kwenye benchi la nje, kwa sababu ameambiwa akae nje, anachungulia kioo kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

Jibu linakuja dakika ya ishirini na sita. Sawa.

"Namba za mwisho chagua," Verlene anamwambia Joleen. "Tarehe ya baba yako, ukipenda."

Joleen anatikisa kichwa. "Tarehe zake nazijua. Weka inayofuata tu."

Inayofuata ni 319.

Kwa kawaida kazi hii inamchukua Verlene dakika saba. Hii inamchukua arobaini. Wino wa Clete unaweza kufutika kwa kidole chenye jasho, na mwandiko umejaa ubavu ule ule ambao ni rahisi kuchonga. Anavaa glavu, anazungushia taya za jiliwa ngozi laini, anapima ubavu wa pili, anafungua, anapima tena. Anapata nafasi bapa kwa mbele, mahali panapoonekana wazi kama sheria inavyotaka na ambapo marehemu hakuandika kitu. Sindano inashuka. Waliokuwa kwenye foleni hawalalamiki. Mmoja amekwenda kununua kahawa ya watu wote.

"Na lile shimo la tatu?" Joleen anauliza kazi ikiisha. "Naruhusiwa?"

"Sasa kina namba na ni mali yako. Unaruhusiwa."

Anafikiri. "Hapana. Aliishia hapa."

Anakifunga kwenye flana yake na kutoka. Babu anasimama. Mkono wake unanyanyuka wenyewe kuelekea kopo, kisha anaushusha haraka na kuuingiza mfukoni, na wa pili nao anautia mfukoni.

Joleen anaona. "Jumapili napika nyama na viazi," anasema. "Njoo ukitazame. Lakini mikono ibaki humo humo mifukoni."

"Na nitakulaje, nilambe sahani kama mbwa?"

"Kwa chakula toa. Kwa kopo rudisha."

"Una ulimi wa baba yako."

"Saa saba, Babu. Usichelewe."

Mchana foleni inapopungua, Verlene anakaa kwa mara ya kwanza tangu asubuhi na kula kimkate cha huku kiitwacho biskuti, kilichopoa kwenye mchuzi wa soseji. Anakitazama kitabu cha mapokezi. Kama Orrin angeingia hatua mbili zaidi na kulitua kopo lile wakati yeye yuko stoo, angelazimika kuliandika kitabuni kwa jina la Orrin, na lisingetoka tena.

Baada ya Septemba anatarajia kazi itashuka hadi vipande viwili vitatu kwa mwezi, vya wajane wanaofungua makabati ya marehemu. Atarudia bizimu zake na visahani vyake vya mbwa. Ila kabla ya hapo ana kazi moja ya kwake mwenyewe. Ameshakata kibao cha shaba cha kubandika nje, usawa wa macho, na ameandika kwa penseli maneno atakayochonga: INGIA KWANZA MIKONO MITUPU. TUONGEE.

Anakusudia pia kwenda kwenye kikao cha wilaya mwezi ujao, akaombe kila duka lenye leseni libandike kama hicho. Hajawahi kusema mbele ya mkutano, na ameanza kujizoeza mbele ya mashine.

"Orrin nilimzuia mlangoni kwa sababu namjua tangu nikiwa msichana," anasema, akifuta mchuzi kidevuni. "Kesho ataingia mtu nisiyemjua, amebeba kopo lake."